Sahani Zisizokuwa Kabatini

Chumba cha cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako mwenye maneno mengi, ambaye leo maneno yenyewe yanamkwama. Hujambo huko kambini? Mgongo unaendeleaje? Uliniambia unakubana ukiinama muda mrefu kuchomelea mabomba, na kwamba macho yanakuwasha. Je, umepata miwani mipya, au bado unavaa ile uliyoifunga kwa waya? Usifanye mchezo na macho, baba. Ukiyakosa, nani atakusomea barua zangu bila kuruka mistari?

Huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri, ila goti lake la kushoto ndilo mkuu wa nyumba siku hizi: likisema leo hatutoki, basi hatutoki. Shemeji yako ni mzima wa afya, na bado anazunguka nyumba nzima kutafuta miwani iliyo juu ya paji la uso wake. Cherehani yangu kubwa ilikatika mkanda mara mbili mwezi huu, nikashona kwa ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono hadi bega likafa ganzi.

Na binti yako, Chiriku wetu, yupo, anaongea tangu anapofumbua macho, kama ulivyomwacha. Nakwambia hivyo mapema ili usiisome barua hii kwa pupa ukitafuta habari ya msiba. Hakuna msiba. Kuna aibu, na ni yangu.

Ningekupigia simu siku ya Jumapili, mnapopanda kilimani kutafuta mtandao. Nilijaribu mara mbili. Mara zote nilianza kwa mzaha nikaishia kukuuliza kama kuna mvua. Unanijua, jambo likinibana nacheka. Halafu nikafikiri kwamba mkeo nilimchongea kwa barua, kwa hiyo sina budi kumsafisha kwa barua. Ukitaka, ziweke zote mbili mezani uone mkono mmoja unavyoweza kuandika mambo mawili.

Mdogo wangu, ile barua ya mwezi wa kwanza niliyokuandikia kwamba mkeo anampiga mtoto haikuwa kweli. Mkeo hajawahi kumpiga Chiriku. Hajamfinya, hajamsukuma, hajamgusa hata kwa ufagio. Tafadhali isome sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuendelea.

Nikueleze ilivyokuwa. Mwaka jana mwezi wa tatu, wewe ukiwa umeshaondoka, Chiriku aliugua mafua ya kawaida tu, yakaisha. Kama wiki mbili baadaye akaanza kutokwa na madoa mekundu madogo miguuni, kama alama za ncha ya kalamu, na alama za bluu mapajani bila kuanguka. Mkeo akampeleka zahanati, zahanati ikawapeleka hospitali kubwa, akatolewa damu. Siku aliporudi alipita hapa kwangu moja kwa moja, bado ameshika ile pamba ya damu ya mtoto. Alisimama mlangoni, mimi nina pini mdomoni na gauni la mteja mezani, mafundi wenzangu wote wamekaa kwenye baraza lao. Akasema, “Wifi, nimeambiwa mtoto sahani zake ni chache.”

Nilizitoa zile pini mdomoni ili nicheke vizuri. Nikamwambia, “Sahani? Si ungesema mapema? Mimi ninazo dazeni nzima kabatini, njoo nikuazime!” Baraza zima likaangua kicheko. Mkeo naye akatabasamu, kwa heshima tu, maana unamjua hapendi mabishano. Alikuwa bado hajaelewa vizuri alichoambiwa hospitali, na alikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyesoma zaidi katika nyumba yetu. Alitaka nimsaidie kuelewa. Mimi nikampa utani.

Kuanzia siku hiyo nikamwita Mama Sahani. Unajua jina langu likishamshika mtu halimtoki. Mafundi wakalichukua, wateja wakalichukua, hadi muuza mkaa wa pale kona akawa anampigia kelele, “Mama Sahani, leo hupiki?” Nilijiona mcheshi sana. Sasa hivi nikilisikia jina hilo natamani kuingia chini ya meza ya kukatia nguo.

Wewe mwenyewe ukumbuke kwamba mkeo alikueleza habari hiyo kwenye simu, mtandao ukikatika kila neno la tatu. Ukaniuliza mimi. Nami nikakujibu usibabaike, kwamba mkeo amekwenda hospitali na kurudi na hadithi za vyombo. Hayo ni maneno yangu, unayo kwenye barua ya mwezi wa tano mwaka jana. Uliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyekulea.

Ikaja Januari, nikampima Chiriku sare mpya ya shule. Alipovua nguo nikaona alama za bluu na za manjano mapajani, kiunoni, na kwenye mkono wa juu alama nne zilizopangana kama vidole. Damu ikanipanda kichwani. Nikamwuliza nani amempiga, akasema hakuna. Nikauliza tena kwa sauti nyingine. Mwishowe nikauliza kama mama yake alimshika pale mkononi. Akasema ndiyo, mama alinishika. Sikumwuliza alimshika kwa nini. Nimekuja kujua alimshika asianguke kwenye kigoda alipokuwa akifikia kikombe. Mimi nilikuwa nimeshapata jibu nililolitaka, nikakaa siku hiyo hiyo nikakuandikia.

Ukajibu kama ambavyo baba yeyote angejibu. Ulisema mtoto ahamie kwangu, na kwamba huna la kuzungumza na mkeo hadi likizo. Nikaichukua barua yako kama hati ya mahakama. Nikaenda kwake na Mama, pamoja na goti lake bovu, nikamsomea mkeo maneno yako akiwa amesimama na pasi mkononi, anapiga pasi mashuka ya ile nyumba ya wageni anakofulia. Hakupiga kelele. Aliiweka pasi wima, akafungua sanduku, akanipa karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Akasema, “Wifi, nakuomba uisome. Ina tarehe za kumrudisha, na vitu asivyotakiwa kupewa.” Nikaitia mfukoni. Mama alinitazama, nadhani alitaka kusema kitu, lakini nilikuwa nimeshamshika Chiriku mkono.

Sasa sikiliza nilichofanya na karatasi hiyo, na usikate tamaa na dada yako. Nilifika nyumbani nina gauni la mtoto la kukata, sina karatasi ya kuchorea kola. Nikatoa ile ya mfukoni, nikaona nyuma yake ni nyeupe, safi, ngumu kidogo. Nikachora kola ya mviringo, nikakata. Kipande cha juu chenye jina la Chiriku nilikibandika ukutani. Kipande cha chini kikawa kola, kikaingia kwenye mfuko wa vielelezo vya kukatia nguo pamoja na mikono na mifuko na viuno vya watu wengine.

Wiki ya pili mtoto akiwa kwangu, nikamwona ana alama mpya begani. Nilishtuka. Kwanza nilimshuku mwalimu, nikaenda shuleni kwa ukali nikarudi nimenywea, maana mwalimu mwenyewe ni binti mpole anayeogopa hata kengele. Nikawashuku watoto wa jirani. Mungu anisamehe, siku mbili nilimtazama shemeji yako kwa jicho baya, yule asiyeweza kumfukuza hata kuku jikoni. Kisha nikaanza kumchunguza Chiriku kila asubuhi, na kila asubuhi kulikuwa na doa lisilokuwepo jana, katika nyumba ambayo hakuna aliyemgusa.

Hapo ndipo nilipojua. Sikujua ni ugonjwa gani, lakini nilijua nimekosea. Na hapa ndipo penye aibu yenyewe, kwa sababu kukosea mtu hukosea. Mimi nilipojua nimekosea nilikaa kimya miezi miwili na zaidi. Ningekuandikia nini? Kwamba mtoto anatokwa na alama kwangu pia? Ningemwambia nini mkeo, baada ya kumsomea barua mbele ya mashuka ya watu? Nilijitia hamnazo. Nikamshonea Chiriku sare ya mikono mirefu na soksi zinazofika magotini, kwenye jua hili linaloyeyusha lami. Akawa anasema, “Shangazi, nasikia joto.” Nikamwambia ndiyo mtindo wa wasichana wakubwa. Akafurahi, akaanza kujisifu kwa wenzake.

Na wewe nilikuandikia kwamba amenawiri.

Mwezi wa nne tarehe za mwanzo akapata homa. Nikampa nusu kidonge cha aspirini asubuhi na nusu jioni, siku mbili, kama Mama alivyokuwa akitupa sisi. Siku ya tatu saa nne asubuhi alikuwa amekaa kwenye kigoda chumbani humu, ananisimulia ndoto yake ya mbuzi aliyevaa viatu, mara damu ikaanza kutoka puani. Nikamlaza kichwa nyuma. Akaanza kuimeza na kuitema. Nikachukua kipande cha kitambaa, kikalowa. Nikachukua kingine. Mwisho nilichukua poplini nyeupe ya mteja, mita tatu, na haikutosha. Chiriku alinyamaza. Mdogo wangu, mtoto yule akinyamaza nyumba nzima inakuwa na baridi.

Mama ndiye aliyefanya akili. Aliliburuta goti lake hadi kwa muuza mkaa, akamtuma kwa mkeo. Mkeo alikuja mbio, povu la sabuni bado limemfika kwenye viwiko. Hakuniuliza kitu. Alimkalisha mtoto wima, akamwinamisha mbele kidogo, akambana pua sehemu ile laini kwa vidole viwili, akaanza kuhesabu dakika kwa saa ya ukutani, huku anamwambia apumue kwa mdomo. Alikuwa amefundishwa hospitali tangu mwaka jana. Mimi nilisimama na poplini mkononi kama nguzo. Kisha akaniuliza jambo moja tu: mtoto amepewa dawa gani. Nilipomwambia, alifumba macho.

Tulikwenda hospitali, mtoto mapajani mwake. Pale mapokezi muuguzi alimvua zile nguo zangu ndefu akaziona alama zote, mikono, miguu, mgongo. Akanikazia macho. “Mtoto anaishi na nani?” Nikasema na mimi. “Tangu lini?” Tangu mwezi wa kwanza. “Na hizi alama nani amemfanyia?” Nilikuwa nimesimama pale pale nilipomsimamisha mkeo, natazamwa kwa macho yale yale niliyomtazama.

Mkeo angeweza kunyamaza tu. Ilitosha anyamaze kwa dakika moja. Badala yake alitoa kwenye kanga yake kadi ya faili ya mtoto akaiweka mezani, akasema, “Hapigwi, dada. Wifi yangu anampenda sana. Mtoto ana chembe sahani chache, faili lake lipo hapa.” Akalisema neno lile lile, sahani, na hakuna aliyecheka.

Nililia pale mapokezi. Watu walidhani mimi ndiye mama.

Walimpima. Daktari wa damu ni mama mmoja mfupi, anaongea polepole na kuchora kila kitu kwenye karatasi. Alinieleza kwamba ndani ya damu kuna chembe ndogo mno, bapa, kama visahani, na kazi yake ni kuziba pale mshipa unapochanika. Ndiyo maana huitwa chembe sahani. Mtu mzima wa afya, hata mtoto, katika kipimo kimoja anakuwa nazo kuanzia laki moja na nusu kwenda juu. Chiriku siku ile alikuwa nazo elfu tisa. Nikamwuliza zimekwenda wapi. Akasema mwili una askari wake wa kupambana na magonjwa, na kwa watoto wengine, mara nyingi baada ya mafua kama yale, askari hao hukosea wakawageukia watu wa nyumbani. Wanaziona sahani kama adui, wanaziharibu haraka kuliko zinavyotengenezwa. Si kosa la chakula, si la mama, si la mtu yeyote, wala ugonjwa wenyewe hauambukizi. Alisema hayo akiwa anachora, hakunitazama. Mimi nilijua ni askari gani mwingine katika ukoo wetu aliyewageukia watu wa nyumbani.

Aliniambia pia kwamba watoto wengi hupona wenyewe ndani ya miezi michache, hata bila dawa, mradi waangaliwe. Ndiyo sababu mwanzoni mkeo aliambiwa asubiri, amzuie mtoto kuruka na kupanda panda, na amrudishe kupimwa. Chiriku ameshapita mwaka mzima, kwa hiyo sasa wanauita ugonjwa sugu. Kisha akafungua faili akauliza kwa nini mtoto hakuonekana miezi mitatu mfululizo. Tarehe tatu, mdogo wangu. Nilikuwa nimezikata kwa mkasi.

Na aspirini ndiyo mbaya kuliko yote kwa mtoto wa namna hii, maana inazivunja nguvu hata zile sahani chache zilizobaki. Nilipotoka hospitali siku hiyo nilimwaga mfuko wa vielelezo sakafuni nikakitafuta kile kipande. Kimeandikwa kwa herufi kubwa: ASIPEWE ASPIRINI. Maneno yamefuata mviringo wa shingo. Nimekiweka ndani ya bahasha hii ukione. Usikitupe, utakuja nacho.

Walimlaza siku sita. Siku ya kwanza alitundikiwa dripu ya dawa ya kuwazubaisha wale askari wasizile sahani, ikaenda saa nyingi, kichwa kikamwuma sana. Kisha akapewa vidonge vya steroidi kwa muda mfupi. Zikapanda hadi elfu themanini, tukashangilia, lakini vidonge hivyo vilimvimbisha mashavu na kumpa njaa na hasira. Alimwambia daktari mwenyewe kwamba hapendi kalamu yake. Walipovipunguza, sahani zikashuka tena hadi elfu kumi na nane. Mkeo hakushtuka. Alisema daktari alishamweleza kwamba hatibiwi namba, anatibiwa mtoto, na la kutazama kwanza ni kama anatokwa na damu.

Sasa ameanzishiwa kidonge kingine cha kila siku, kinachoamsha uboho ndani ya mifupa utengeneze sahani nyingi zaidi. Hakitaki maziwa wala kitu chochote cha maziwa saa nyingi kabla na baada yake, vinginevyo kinapita bure. Kwa hiyo anakunywa uji mtupu asubuhi, na chai ya maziwa imehamishiwa jioni. Huenda akakitumia muda mrefu. Kuna habari ya kutoa wengu pia, kile kiungo cha ubavuni ambako sahani nyingi huharibiwa, lakini daktari amesema kwa mtoto hawakimbilii huko, maana wengu unamkinga na maradhi mengine. Kipimo cha mwisho kilisema elfu arobaini na moja. Chiriku amekwishatangaza mtaani kwamba ana sahani elfu arobaini na moja na anaweza kualika mji mzima kula.

Lakini siku ile ya nne wodini aliniuliza, akiwa anachezea mkanda wa kitanda, “Shangazi, mama anaitwa Mama Sahani kwa sababu yangu?” Nilimwambia hapana, ni kwa sababu yangu mimi. Akasema, “Basi mwambie pole.”

Nikaenda. Chiriku alikuwa ametoka hospitali akarudi kwa mama yake moja kwa moja. Nimemrudisha bila kukuuliza, na ukitaka kunigombeza kwa hilo, nigombeze, lakini hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa mwaka huu. Nilibeba nguo zake zote. Chumba kile ni kama unavyokijua, kitanda, meza ya pasi, dirisha moja. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipofika nikapiga magoti mlangoni. Mkeo akasema, “Wifi, inuka ukae. Unanizibia mwanga.” Akanisogezea kigoda. Nikasema yote, kama nilivyokuandikia hapa, hadi ile kola. Alisikiliza bila kuacha kukunja mashuka. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Nilipomaliza alitoa zile sare ndefu kwenye mfuko, akanipa mkasi wake wa kukatia nyuzi, akasema, “Kata mikono hii. Mtoto anaungua. Atakayeuliza alama, nitamjibu.” Nikakata pale pale, nikakunja pindo kwa mkono. Siku iliyofuata nilisimama barazani mbele ya mafundi wote, pini nimezitoa mdomoni, nikawaeleza sahani ni nini na nani alikuwa mjinga. Fundi wa suti alicheka kidogo, akakosa mwenzake, akarudi kwenye suti yake. Muuza mkaa sasa anamwita Mama Chiriku, na anamwita kwa sauti ya chini.

Kuna jambo moja la ndani bado. Nimelizunguka barua nzima. Unajua miaka kumi na tisa nimeshona nguo za watoto wa watu. Chiriku alipoingia nyumbani kwangu na kikapu chake, nilikuwa na hasira, ndiyo, na nilikuwa na furaha. Nilimtandikia kitanda nikiimba. Sijui kama niliziona zile alama kwa macho ya shangazi au kwa macho ya mtu anayetaka mtoto. Nakwambia ili usije ukasema dada yako alikosa elimu tu.

Sasa nikuombe. Mama ameniambia ulimwandikia kwamba likizo ya mwezi wa nane unakuja kumaliza mambo na mkeo. Najua maana ya maneno hayo. Hasira hiyo niliiwasha mimi, na kwa miezi mitano umemnyima mkeo hata salamu kwa sababu ya kicheko changu. Usije kumaliza kitu. Njoo umwone mwanao anavyobanwa pua na mikono inayojua. Nichukie mimi ukitaka, nina mabega mapana. Yeye mpigie simu, hata kama hujui utaanza na neno gani.

Barua hii sitaifunga. Ile ya kwanza ilimhusu naye hakuiona, kwa hiyo hii nitampelekea aisome kwanza. Akitaka kuichana, ataichana.

Mama anakusalimu, anasema uvae kitu cha kufunika mgongo unapoinama. Shemeji yako anakusalimu, akipata kalamu yake atakuandikia mwenyewe. Chiriku anasema umletee sahani moja ya kweli, yenye maua. Mungu akutunzie macho yako na mgongo wako, akufikishe nyumbani ukiwa mzima, na akupe moyo mwepesi kuliko ule niliokutwika mimi.

Ni mimi, dada yako akupendaye, ambaye kwa sasa hana la kujivunia zaidi ya hilo,

Fundi wa mikono mirefu.

*

Baba Chiriku,

Wifi ameleta barua nimeisoma. Sikuichana. Pale alipoandika miezi mitatu ya hospitali ni kweli, ila mwezi wa pili alimpeleka zahanati mwenyewe kwa sababu ya kikohozi, amesahau kujihesabia hilo.

Kipimo cha Alhamisi kimetoka. Sahani ni elfu sitini na mbili. Mtoto anacheza nje, nguo yake ina mikono mifupi.

Namba yangu ni ile ile.